Diski ya Mwanamvua

Asubuhi ile Mwanamvua alikaanga vitumbua, tukanywa chai ya mchaichai, kisha akaniomba bisibisi ndogo. Fundi Ishaka alikuwa anakuja mchana kuitazama kompyuta, nayo ina siku haiwaki. Kabla fundi hajafika, diski ilikuwa lazima itoke.

Alikaa mkekani, kompyuta ameilaza ubavu kama mbuzi wa kuchunwa. Mimi nilimshikia tochi. Alifungua skurubu akaziweka ndani ya kawa la kufunikia chakula ili zisipotee, akachomoa waya, akaitoa diski. Kitu chenyewe hakizidi kiganja. Akakifunga kwa kitambaa, akakitia sandukuni chini ya nguo zake, akafunga kwa ufunguo. Nikamwambia si angenipa mimi tu nimtunzie, kwani mimi ni mgeni? Akacheka.

"Wewe ndiye wa kwanza kufichwa," alisema. "Ishaka atakuja ataondoka. Wewe unalala humu humu."

Nikaenda sokoni kutafuta samaki. Niliporudi nilimkuta pale pale mkekani, ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Aliniona. Alitaka kuniambia neno, likatoka kama la mtu mwenye chakula kinywani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani kama si wake. Wa kushoto ulikuwa umeshika ufunguo wa sanduku.

Binti yetu Adila, aliyeolewa Chalinze, ndiye aliyeniambia niandike habari za mama yake, wajukuu wapate kusoma. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo. Nitaandika ninayoyajua.

Mwanamvua binti Yahya alizaliwa Fukayosi, kwenye mihogo na ufuta. Nilipomuoa nikamleta Bagamoyo, nami nikiwa kibarua wa mashamba ya chumvi. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Singo ya kusugulia mwili, hina, udi, kumvalisha mwari mpaka anatoka. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Aliingia nyumba nyingi, akaona mengi, hakutoka na la mtu.

Sherehe ya wanawake, kwetu, ni ya wanawake. Mle ndani mabuibui yanavuliwa, mashungi yanashuka, mama mwenye wajukuu anacheza kama msichana. Mwanamume haingii, hata awe baba wa bibi arusi. Na wapiga picha zamani walikuwa wanaume watupu. Kwa hiyo upande wa wanaume una picha za kujaza ukuta, upande wa wanawake hauna kitu. Bi Mehzabin, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko, ndiye aliyemtia Mwanamvua katika kamera. Kwao pia wanawake wana ngoma zao. Alimfundisha kupiga, akamfundisha na kukata picha kwenye kompyuta, maana kuna faida gani kumweka mwanamume nje ya mlango, kisha ukampelekea video aikate?

Basi ikawa hivyo. Mwanamvua anapiga, Mwanamvua anakata. Kabla ya kuwasha kamera alisimama mlangoni. Kila mwanamke aliyekuwa akiingia aliweza kumnong'oneza: mimi nitoe. Wapo waliokuwa na waume wakali, wapo waliokuwa na sababu zao wenyewe. Hakuwauliza. Alikuwa anawatazama nguo na uso, na video ikitoka hawamo. Sijui alikuwa akiwakumbuka vipi wote. Ila najua wanawake wa hapa mjini, na wa Kaole, na wa Mbegani, wakiona kamera mkononi mwake walikuwa wanavua. Wakiiona kwa mwingine walikuwa wanajifunika.

Sasa arusi ya Shamsia.

Shamsia ni binti wa mtaa wetu. Alilelewa na bibi yake mzaa mama. Siku ya ngoma ya wanawake bibi alikuwa mgonjwa, amekalishwa kitini tangu mwanzo. Katikati ya ngoma akainuka. Akaimba wimbo wa kumtoa mwari, akacheza, mzee yule, uwanja mzima. Hazikupita siku nyingi akafariki. Hakuna mahali pengine bibi yule alipopigwa picha akitembea, sembuse akicheza.

Lakini hakucheza peke yake. Mwanamke mmoja mgeni alimwona anayumba, akaenda kumshika mkono, wakacheza bega kwa bega. Kichwa wazi, mabega wazi. Na mwanamke yule mlangoni alikuwa amemwomba Mwanamvua: mimi nitoe. Ni nani, katoka wapi, hakuna aliyejua. Kina mama wa upande wa bwana arusi walidhani ni wa upande wa bibi arusi, na wa upande wa bibi arusi walidhani ni wa kule.

Mwanamvua alisema jambo hilo linawezekana. Mtu anafutwa picha kwa picha, mwenzake anabaki. Lakini ni kazi nzito, na kamera aliyoiazima siku ile ilikuwa ya kisasa, picha zake zimejaa mno. Kompyuta ilikuwa ikianza tu inakwama. Sauti inakwenda, picha imesimama. Anabonyeza, anakwenda kutia ubani chetezoni, anarudi, haijasogea. Shamsia alikuwa anafuata mume Maskati kabla ya Ramadhani. Alikuwa anapita kila jioni kuuliza, na asipouliza alikuwa anakaa tu.

Mwanamvua akaambiwa na watu kuwa kinachotakiwa ni prosesa yenye nguvu zaidi. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote mle ndani. Ni kibati cha mraba, kidogo kuliko kipande cha kashata, kinakaa kwenye kitako chake juu ya bodi kubwa, na feni inakaa juu yake kukipoza.

Sisi kitu kikiharibika tunakwenda dukani na kile kibovu. Bomba, balbu, mkanda wa cherehani. Unakiweka juu ya meza, unasema nipe mwenzake. Hukosei. Mwanamvua akafanya hivyo hivyo. Kuipandisha kompyuta nzima kwenye basi hakutaka, mle mna wake za watu. Akaichomoa prosesa kwa mkono wake, akaifunga kwa pamba, akaitia ndani ya kopo la hina, akaenda nayo Kariakoo kwa Moiz.

Moiz ni mtoto wa Bi Mehzabin. Anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Mwanamvua alimbeba mgongoni, na hapendi kununua kwa asiyemjua. Moiz aliiweka ile ya zamani kiganjani, akaweka na nyingine pembeni yake. Upana mmoja, urefu mmoja, mapengo ya pembeni mahali pamoja. Akasema huyu ni ndugu yake mkubwa. Akaipokea ya zamani, akampa mpya kwa kuongezea kidogo, wakanywa chai. Bodi ni ipi, hakuuliza. Naye Mwanamvua hakuona la kumweleza.

Alirudi na furaha. Akaiweka yeye mwenyewe, polepole, mimi nimeshika tochi. Ikakaa kama imezaliwa pale. Akapaka ile pesti nyeupe, akarudisha feni, akawasha. Feni ikazunguka. Kioo cheusi. Akazima, akatoa, akarudisha. Feni inazunguka, kioo cheusi. Tulikaa tunaitazama. Feni ile ilikuwa inavuma vizuri kabisa.

"Imekaa," alisema. "Mbona haisemi?"

Na ile ya zamani imebaki Dar. Kwa hiyo hata ile kompyuta ya kukwama hatukuwa nayo tena. Alipiga simu kwa Moiz, Moiz akasema labda bodi imekufa, atafute fundi. Ndipo akaitwa Ishaka, na ndiyo asubuhi niliyoanza nayo.

Ishaka alifika mchana ule akakuta watu wamejaa uani. Aliweka mkoba wake chini akasaidia kumbeba hadi kwenye gari. Hospitali wakasema ni kiharusi. Alilazwa, kisha tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Upande wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, na yakitoka yanatoka moja moja.

Adila alikuja kutoka Chalinze akakaa. Alikuwa akimshikia mama yake taa kwenye arusi zamani, kabla hajaolewa, na kukata picha anajua kidogo. Kufuta mtu picha kwa picha hajui.

Siku zikawa zinakwenda. Shamsia akija anakaa miguuni pa kitanda. Siku moja alikuja shemeji yake, Msabaha, mdogo wa mume, na gari. Hakuwa na nia mbaya. Alinisalimu vizuri, akampa pole mgonjwa kutoka mlangoni, kisha akaniambia tatizo hili dogo, nimpe hiyo diski aipeleke studio Dar, kesho kutwa kazi imekwisha na bibi arusi anaondoka na roho yake nyeupe. Nikamwambia studio wote wanaume. Akasema wale wanakata arusi kila siku ya Mungu, wamechoka na wanawake. Nikamwambia sanduku halifunguliwi.

"Mzee Mwinyijuma," akasema, "hata hicho kilichomo hukijui."

"Ndiyo maana nakilinda," nikamjibu.

Akaondoka amekasirika. Nami sikuwa na raha. Niliingia ndani nikamwona Shamsia ameinamisha kichwa juu ya magoti, na Mwanamvua anamtazama. Nilijiuliza kama ninalinda amana au ninamzuilia yatima haki yake. Nikaenda kuswali.

Baada ya Ijumaa Ishaka alipita kumwona mgonjwa. Alipotaka kuondoka akauliza, ile mashine vipi. Nikaitoa barazani, haina diski. Akaichomoa prosesa, akamulika ndani ya kitako. Mle mna visindano vidogo vingi kama nywele, kimoja kikipinda kazi imekwisha. Akasema vyote vimesimama, aliyeiweka hakuilazimisha. Akaisafisha feni, ilikuwa imegandwa na vumbi na moshi wa ubani. Kisha akaanza kufuta bodi yenyewe kwa kitambaa, taratibu, akisoma maandishi madogo, mpaka akalipata jina lake limechapwa katikati. Akatafuta jina lile kwenye simu yake.

Akanieleza hivi. Prosesa zina vizazi. Bodi hii ilitengenezwa zama za kizazi cha sita, na inamjua wa sita na wa saba. Hii aliyoileta mama ni ya kizazi cha nane. Walioitengeneza waliacha kitako kile kile, umbo lile lile, wakabadilisha mengine yote ndani. Kwa hiyo inakaa, lakini bodi haiitambui. Bodi haijafa, na prosesa haijafa. Haziafikiani tu. Akasema mtu huanza kuuliza bodi ni ipi na inapokea nani, ndipo anakwenda kutafuta prosesa. Sampuli ya prosesa peke yake haitoshi.

Nikamwambia basi ni mambo ya posa. Sura umeiona imekupendeza, sasa waulizie watu wake.

"Ndiyo, mzee wangu," akasema. "Tena hawa hawana mshenga wa kuwasuluhisha."

Nikamuuliza basi tutafute wa saba. Akasema wa saba naye ana neno lake. Bodi kama hii pengine haimpokei mpaka kwanza iongezewe programu yake ya ndani, na kuiongezea unahitaji prosesa inayoitambua iwe imekaa, nasi hatuna. Afadhali kutafuta wa sita mwenye nguvu kupita wote wa sita. Huyo ataamka papo hapo. Akatazama na pawa saplai, ile inayogawa umeme, kama itambeba, akatazama na feni kama itampoza. Akasema zitatosha. Akapiga picha lile jina la bodi, akampelekea Moiz.

Moiz hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe na prosesa ya kizazi cha sita, na mama yake amempa mkoba wa tende. Aliingia akavua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Shikamoo yake ilitoka nusu. Mwanamvua akamwinulia mkono wa kushoto.

"Mama, na mimi nilitazama kitako nikaridhika," alisema. "Wewe ulikuja na ulichonacho. Mwenye duka ni mimi, mimi ndiye wa kuuliza."

Mwanamvua akamchekea kwa upande mmoja wa mdomo, akampiga kikofi cha mkono. Moiz akageukia ukutani kwa muda.

Ishaka akaiweka ile prosesa ya sita pale barazani, akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, maandishi meupe yakajitokeza kulalamika kuwa diski haipo. Sikuwahi kufurahia lalamiko kama lile. Nikaibeba kompyuta mwenyewe mpaka chumbani nikatoka. Mwanamvua akampa Adila ufunguo.

Wakafanya kazi siku zilizofuata, mlango umefungwa, Mwanamvua ameegemezwa mito anatazama. Kompyuta haikukwama tena. Mimi nilikuwa uani nafua nazi, nikasikia ngoma, na sauti ya yule bibi kikongwe juu yake. Nikanyanyuka nikaenda kukaa msikitini, maana hata sauti ile haikuimbwa kwa ajili yangu.

Ila Adila alishindwa pale pale palipojulikana. Aliniambia baadaye. Akimfuta mgeni, mkono wa bibi unakwenda naye. Akiurudisha mkono, mgeni anarudi kama moshi anatembea. Akamziba uso kwa wingu, mama yake akatikisa kichwa, mtu anajulikana kwa mwendo na kwa gauni. Mwanamvua alitaka kuonyesha jinsi inavyofanywa. Adila akamwekea kipanya chini ya mkono wa kushoto. Mkono ukateleza. Akajaribu tena. Kisha akauondoa yeye mwenyewe, akauweka kifuani, akafumba macho. Kichwani kazi yote anaijua, ila mkono wa kuitolea hana. Adila anasema hakuwahi kumwona mama yake analia, na siku ile pia hakulia, alifumba macho tu.

Siku ya mwisho kabla ya safari Shamsia alikuja asubuhi. Akaonyeshwa kilichokamilika. Kina mama, maua, hina, yeye mwenyewe anatolewa, bibi amekaa kitini na uso wake uleule. Kucheza hakumo. Adila akamweleza kwa nini.

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimeitwa nisaidie kumwinua mgonjwa, maana Adila peke yake hamuwezi. Wakafunika kioo kwa kanga ndipo nikaingia. Shamsia alikuwa amepiga magoti, ameshika mkono wa Mwanamvua ule usiohisi. Alisema Maskati nani anamjua mwanamke yule. Ataifungia ndani, hatamwonyesha hata mumewe. Alisema bibi yake alisimama kwa ajili yake, siku ile moja, na hana pengine pa kumwona. Hakuwa mtovu wa adabu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kusema, ningempa.

Adila akamuuliza mama yake: tumwache, au tumtoe?

Mwanamvua akaashiria ainuliwe. Nikamshika kwa nyuma, nikasikia moyo wake kwenye kifua changu, unakwenda ovyo. Alikaa muda mrefu anakusanya maneno.

Mwanamvua alifariki Shamsia akiwa bado hajatua Maskati. Tulimzika alasiri, na wanawake waliokuja walijaa mpaka njiani, wengine sijapata kuwaona. Kama yule mgeni alikuwamo sijui. Video Shamsia aliondoka nayo. Sauti ya bibi imo, Adila aliilaza juu ya picha ya miguu ya bibi arusi yenye hina. Kucheza kumetoka. Mpaka leo Shamsia hajapiga simu. Msabaha alikuja kwenye arobaini, akanipa mkono, hakunitazama. Moiz hukumbuka kuuliza hali. Kompyuta ipo chumbani, Adila ameifunika, na wanawake wameanza kuja kuuliza nani atawapigia sasa.

Huwa naamka nikidhani tungeweza kufanya vingine. Kisha nasikia vile alivyosema siku ile, neno moja, anapumzika, neno jingine. Adila naye aliyasikia, tumeyalinganisha, yako sawa:

"Mtoeni, hata kama atatoka na bibi. Bibi ana mjukuu wa kumsimulia. Yule mwanamke hana kitu humu ndani ila neno langu."